UZI: Kuna ukumbi wa maigizo Marekani unaitwa "Karamu", jina la Kiswahili kabisa, tangu 1927. Historia yake ndefu, kaeni

MzeeWaPazia

Wakuu heshima kwenu.

Juzi nilikuwa nasoma mambo ya Langston Hughes, yule mshairi mweusi wa Marekani, nikakutana na jina KARAMU. Nikajua nimesoma vibaya, nikarudi juu, nikasoma tena, Karamu House, Cleveland, jimbo la Ohio. Sasa kule Ohio hakuna pwani wala hakuna jahazi lililowahi kutia nanga, neno letu limefikaje? Nikaanza kuchimba, na nilichokikuta sijui kwa nini hakizungumzwi huku kwetu, maana watu wanajua "Simba" na "Hakuna Matata" wakadhani Kiswahili Marekani kilianzia kwenye katuni.

Wengine mtasema Kwanzaa, ile sikukuu ya Wamarekani weusi. Kweli, Kwanzaa ina siku ya Karamu tarehe 31 Desemba, ila Kwanzaa imeanzishwa 1966. Hawa wa Cleveland walishaliandika neno hilo kwenye jengo lao karibu miaka 40 kabla.

Naanza mwanzo. 1915 kuna mtu na mkewe, Russell na Rowena Jelliffe, wazungu, vijana waliotoka kumaliza Oberlin College (chuo cha Ohio hukohuko kilichokuwa kinapokea wanafunzi weusi tangu karne ya 19). Wakapelekwa na kanisa moja la Presbyterian kwenye mtaa wa watu masikini Cleveland, East 38th na Central Avenue, wafungue nyumba ya huduma ya mtaa. Zilikuwa za kawaida kule miaka ile, unahamia mtaani na wewe, unaishi hapohapo, milango wazi, watoto wanakuja kucheza na kusoma, kina mama wanajifunza hiki na kile. Kwaiyo hawakwenda kufungua ukumbi wa maigizo. Hilo mlishike maana nitalirudia.

Sasa wakati huohuo ndo watu weusi wanakimbia Kusini, kule kwenye mashamba ya pamba na sheria za ubaguzi, wanapanda treni kwenda viwanda vya Kaskazini. Angalieni Cleveland peke yake: 1910 watu weusi walikuwa kama 8,400, 1920 wakawa zaidi ya 34,000, 1930 wanakaribia 72,000. Mtaa ambao Jelliffe walifika umechanganyika kila aina ya wahamiaji, ndani ya miaka michache ukawa mtaa wa weusi. Nyumba nyingi za huduma za aina ile kipindi kile ama zilibagua waziwazi au zilihama kufuata wazungu walipohamia. Hii haikubagua na haikuhama.

1917 wakafanya mchezo wa kwanza, Cinderella, watoto weupe na weusi jukwaa moja. Leo unaona ni kitu kidogo. Kwa Marekani ya 1917 haikuwa kidogo hata kidogo.

Naendelea, msi-comment kwanza (najua mta-comment).

---

Kichwa Ngumu

Mkuu nacomment, nisamehe. Karamu sio MAHALI. Karamu ni tukio, watu wanaalikwa wanakula. Hao walipataje kuita nyumba karamu

---

MzeeWaPazia

Nilijua tu 😂 subiri, jina linakuja.

1920 watu wazima wa mtaa wakaunda kikundi cha maigizo, wakakiita Dumas Dramatic Club, kwa heshima ya Alexandre Dumas mwandishi wa Ufaransa aliyekuwa na damu ya Kiafrika. Halafu akaja Cleveland Charles Gilpin. Huyu ndo alikuwa nyota mweusi mkubwa wa jukwaa la Marekani wakati ule, ametoka kuwika New York na mchezo wa The Emperor Jones. Akaenda kuwaona vijana wa Central Avenue, akawatia moyo wachukulie sanaa yao kwa uzito, wao kwa furaha wakabadili jina wakawa Gilpin Players.

Kina Gilpin Players hawakuwa waigizaji wa kulipwa. Ni walimu, wafanyakazi wa majumbani, watu wa viwandani, makarani. Mchana kazini, usiku mazoezi. Mmoja wao alikuwa Hazel Mountain Walker, mwalimu, ambaye alisomea sheria pia akafaulu mtihani wa uwakili, na 1936 akawa mwalimu mkuu wa kwanza mweusi katika shule za Cleveland. Huyo mama ndo anayetajwa kuwa aliyeleta jina.

1927 kikundi kikapata jengo chakavu jirani na ile nyumba ya huduma, wakalikarabati likawa ukumbi, wakaubatiza Karamu. Maelezo yao mpaka leo wanasema ni neno la Kiswahili maana yake "mahali pa mkusanyiko wa furaha". Sasa Kichwa Ngumu ana haki yake, karamu kwetu ni mlo wa kualikana, na asili ni Kiarabu, karam, ukarimu. Ila ukifikiria, kati ya maneno yote ya Afrika wangeweza kuchukua neno la kivita au la kifalme, watu wa miaka ile walipenda sana wafalme wa Afrika ya kale. Wao wakachukua neno la mtu kumfungulia mwenzake mlango akae ale. Mi nawasamehe kosa la kamusi.

1941 jina likahama kutoka ukumbini likawa la taasisi nzima. Karamu House. Nyumba ya Karamu.

---

dadaMtu_Baki

Aisee sikuwahi kujua hii. Kaka samahani hapo kwa wazungu kuanzisha... yani hata ukumbi wa weusi waanzilishi wawe wao? Hii ndo inaniumaga kwenye hizi historia, mwishoni anasifiwa mfadhili

---

MzeeWaPazia

Dada umegusa kidonda chenyewe, na kule kwao wamebishana juu ya hili miaka mingi, sio wewe wa kwanza. Nitafika miaka ya 60 na 70 nikueleze. Ila kwanza nikwambie kuna ugomvi mwingine ulioanza mapema zaidi, na huo ulikuwa kati ya weusi wenyewe.

Swali: waigize nini? Wengi kwenye kikundi mwanzoni hawakutaka kabisa michezo ya maisha ya weusi. Usiwashangae. Michezo mingi iliyokuwepo iliandikwa na wazungu, mhusika mweusi anaongea lahaja ya shambani, mjinga, mlevi au mtumishi. Mtu amekimbia Kusini, amesoma, amevaa suti yake, we unamwambia arudi jukwaani aigize kile alichokikimbia? Walitaka kuigiza michezo ileile inayoigizwa na wengine ili waonekane ni waigizaji tu kama waigizaji. Polepole wakakubali kuchanganya, lakini kila mara ukipanda mchezo mkali kelele zinaanza. 1935 walipoweka Stevedore, mchezo wa kuli mweusi wa bandarini anayesingiziwa kosa na wafanyakazi weusi na weupe wanaishia kusimama pamoja, kuna watu wazito wa mjini wakapinga wakasema ni uchochezi. Ukachezwa.

Na ndo hapo Hughes anaingia. Langston Hughes alisoma sekondari Cleveland, Central High, akamaliza 1920, na akiwa mwanafunzi alikuwa anashinda kwa akina Jelliffe. Mama yake anahangaika na kazi, kuna kipindi kijana anaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga, ile nyumba ndo ilikuwa na vitabu na watu. Miaka inapita, amekuwa jina kubwa, anarudi na michezo yake. Kati ya 1936 na 1938 Gilpin Players wamezindua michezo yake mingi tu: Little Ham, When the Jack Hollers, Troubled Island (huu unahusu mapinduzi ya Haiti), Joy to My Soul, Front Porch. Mwandishi wa kiwango kile, kikundi cha walimu na makarani wa Cleveland kinamfungulia pazia mara tano ndani ya miaka mitatu.

---

Msomaji Kimya

Hii ya Hughes na Zora Neale Hurston, yule mwandishi mweusi mwenzake, kugombana si ilitokea hapohapo?

---

MzeeWaPazia

Hapohapo mkuu, umenikumbusha! Hiki kisa kina utamu wake.

1930 Hughes na Zora waliandika pamoja mchezo wa kuchekesha, Mule Bone. Wakakorofishana kabla haujakamilika, kila mtu akaenda njia yake. Mwanzoni mwa 1931 Hughes yupo Cleveland kwa mama yake, anapita kusalimia, Rowena Jelliffe anamwambia kwa furaha kuna mchezo mpya tumeletewa wa Zora Hurston tunataka tuuweke. Jamaa anauangalia, ni Mule Bone, na jina la juu ni la Zora peke yake. Ebu fikiria sura yake! Simu, barua, mawakili, Zora mwenyewe akaja mpaka Cleveland, wakakutana uso kwa uso mambo yakaharibika zaidi, onyesho likafutwa. Urafiki wao ukafa hapo. Mchezo haukuonekana jukwaani mpaka 1991 New York, wote wawili wameshakufa zamani.

Mi huwa najiuliza kama Hughes asingepita kusalimia siku ile.

---

Kichwa Ngumu

Sasa pesa ilikuwa inatoka wapi? Maana kikundi cha kujitolea, ukumbi, taa, mavazi. Tiketi za mtaa masikini haziwezi kulisha hicho kitu. Na hizi "shirika lisilo la faida" mimi naziona kama ujanja wa kukwepa kodi tu

---

MzeeWaPazia

Swali zuri na wengi hawaelewi hapa, hata mimi nilichukua muda.

Lisilo la faida HAINA maana haliruhusiwi kubakiza pesa. Maana yake halina mwenyewe. Hakuna mtu wa kugawana kilichobaki mwisho wa mwaka, kikibaki kinarudi kwenye kazi. Linasimamiwa na bodi ya watu wasiokuwa na hisa, halilipi kodi ya mapato, na anayelichangia anapunguziwa kodi yake yeye. Marekani hiyo ya mchangiaji ipo tangu 1917. Ujanja upo, sikatai, kila penye msamaha wa kodi pana mjanja. Ila kwa ukumbi wa maigizo hamna namna nyingine, kwa sababu tiketi haitoshi. Haitoshi Cleveland, haitoshi New York, haitoshi popote. Mchezo wa watu kumi unahitaji watu kumi kila usiku, huwezi kurahisisha kama kiwanda kinavyonunua mashine. Ukipandisha tiketi mpaka itoshe, yule wa mtaani ambaye ukumbi ulijengwa kwa ajili yake anabaki nje.

Karamu wamepata bahati ya mji. Cleveland ndo mji ulioanzisha mfuko wa kwanza wa jamii duniani, Cleveland Foundation, 1914, ambapo matajiri wanaacha pesa kwenye kapu moja la mji badala ya kila mtu kuwa na kijimfuko chake. Na kuna hii nyingine ambayo ilinichekesha: 2006 wananchi wa kaunti ile (Cuyahoga) walipiga kura wakakubali kodi ya sigara, senti 30 kwa pakiti, iende kwenye sanaa. Kumbi, makumbusho, ngoma, vyote vinakula humo, Karamu wamo. Tatizo watu wanaacha kuvuta! Afya inapanda, mfuko wa sanaa unashuka. 2024 ikabidi wapige kura tena kuipandisha mpaka senti 70. Kwaiyo kule kila mvutaji ni mfadhili wa maigizo, apende asipende.

---

Babu Chekacheka

Basi mimi ningekuwa Ohio ningekuwa na kiti changu chenye jina 😂😂😂

---

MzeeWaPazia

😂😂 Babu wewe ukumbi mzima.

Twende kwenye moto. 1939 ule ukumbi wa Central Avenue ukaungua. Hapa ndo ninaposema shikeni kile nilichosema mwanzo, kwamba hawakuanza kama ukumbi. Kikundi kingine kikiungua ukumbi kimekwisha, hadithi yake inaishia hapo. Hawa walikuwa na vitu vingine: kulikuwa na kikundi cha ngoma ambacho mwaka uliofuata kilicheza kwenye Maonyesho ya Dunia New York, kulikuwa na karakana ya uchapaji wa picha ambayo wasanii wake, watu kama Hughie Lee-Smith, Charles Sallée, Elmer Brown, mwaka 1942 walipeleka kazi zao New York wakiwa na jina Karamu Artists. Miaka kumi hawana ukumbi wao, katikati kuna vita kuu, na nyumba haijafa.

1949 wakafungua jengo jipya East 89th Street, mtaa wa Fairfax, na ndipo walipo mpaka leo. Mwaka huohuo mama mmoja wa hapohapo Cleveland, Zelma Watson George, msomi wa muziki, akaimba nafasi kuu kwenye opera ya The Medium pale Karamu. Mtunzi mwenyewe, Gian Carlo Menotti, akampeleka Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, 1950. Opera hiyo haikuwa imeandikwa kwa ajili ya mwanamke mweusi hata kidogo.

Wengine waliopita pale: Robert Guillaume (yule wa Benson ya kwenye TV, na sauti ya Rafiki kwenye The Lion King, kwaiyo katuni na Karamu zimekutana hatimaye), Ron O'Neal wa filamu ya Super Fly, mwigizaji Ivan Dixon.

---

dadaMtu_Baki

Kaka uliahidi miaka ya 60 🙂 usinikimbie

---

MzeeWaPazia

Sikukimbii.

Akina Jelliffe walistaafu 1963, baada ya miaka 48. Msimamo wao wote ulikuwa mchanganyiko, weusi na weupe jukwaa moja, na kuna michezo walikuwa wanapanga mwigizaji bila kuangalia rangi enzi ambazo kwingine ni kashfa. Sasa dunia ikabadilika. 1966 mtaa wa Hough, jirani tu na Karamu, ukawaka moto, ghasia za siku kadhaa, watu wakafa. 1967 Cleveland ikamchagua Carl Stokes, meya wa kwanza mweusi wa mji mkubwa Marekani. Vijana weusi wakaanza kuuliza swali lako hilohilo: ukumbi huu ni wa nani? Kwa nini tuchanganyike kwenye kanyumba kamoja wakati mji mzima umetubagua? Kuanzia mwisho wa miaka ya 60 kwenda 70 uongozi ukapita kwa weusi na Karamu ikajitangaza kama ukumbi wa sanaa ya weusi.

Kuna watu mpaka leo wanalia kwamba hapo ndoto ya mwanzo ilikufa, na kuna wanaosema hapo ndo ilikamilika. Mi niko upande wa pili, ila sio kwa kelele. Ninavyoona, Jelliffe walifungua mlango, lakini chungu mekoni walikiweka kina Hazel Walker usiku baada ya kazi. Kikundi kilikuwa na mfuko wake. Walichanga mpaka wakanunulia Makumbusho ya Sanaa ya Cleveland vitu vya sanaa ya Afrika, yani walimu na makarani weusi wa miaka ya 1920 wanainunulia makumbusho ya matajiri, ili watoto wao wakienda wakute kuna cha kwao. Huwezi kuniambia hiyo ni nyumba ya mfadhili.

Ila gharama ilikuwepo. Watazamaji weupe wengi wakapungua, na mji wenyewe ukaanza kuisha, viwanda vinafungwa. Cleveland ya 1950 ilikuwa na watu 914,808. Ya 2020 ina 372,624. Ukumbi gani utakaa salama katikati ya mji uliopoteza zaidi ya nusu ya watu wake? Karamu imeyumba mara kadhaa, fedha zimewahi kuwa mbaya kweli. Imebaki imesimama. 2020 kumbi zote zimefungwa na ile korona, wao tarehe 19 Juni wakarusha onyesho mtandaoni kwa siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa.

---

Msomaji Kimya

Kidogo tu, huwa wanasema ni ukumbi wa kwanza wa weusi Marekani. Sio kweli. African Grove ya New York ilikuwepo 1821

---

MzeeWaPazia

Uko sahihi kabisa mkuu, na wanaosema "wa kwanza" wanakosea. Neno ni MKONGWE kuliko wote unaoendelea. African Grove ilifungwafungwa na polisi, ikafa baada ya miaka michache, ilikuwa ya kibiashara halafu haina mtu wa kuitetea. Na hapohapo Cleveland kuna Cleveland Play House, ambao wanajiita ukumbi wa kwanza wa kulipwa wa mikoani Marekani, nao mwanzo wao ni 1915. Mwaka mmoja, mji mmoja, mmoja umezaliwa na watu wa sanaa wenye nafasi zao, mwingine umezaliwa kwenye nyumba ya huduma ya mtaa masikini. Yote miwili hai. Sijui kuna mji gani mwingine wenye hiyo.

---

Shangazi Mstaafu

Mwanangu nimesoma yote toka juu. Mimi nimefundisha chekechea miaka 30 nauliza kitu kimoja tu, watoto wadogo bado wapo hapo au siku hizi ni maigizo matupu?

---

MzeeWaPazia

Shikamoo shangazi. Nyumba imelea watoto miaka mingi, elimu ya watoto wadogo ilikuwa sehemu ya kazi yake kwa miongo, na mafunzo ya sanaa kwa vijana yapo. Kumbuka mchezo wa kwanza kabisa ulikuwa wa watoto.

---

Shangazi Mstaafu

Marahaba. Basi hapo ndo wamelisha watu. Huyo aliyesema karamu sio mahali ajue mtoto akishiba mahali anapakumbuka mpaka uzee.

---

Kichwa Ngumu

Shangazi nimenyoosha mikono. Lakini kamusi haijabadilika

---

MzeeWaPazia

Kamusi ya kwao imebadilika, ya kwetu bado 😂 Rowena mwenyewe aliishi mpaka 1992, miaka 100 kamili, na nadhani hakuwahi kukutana na mtu wa kumsahihisha.